Baba kaacha vidonge vya kolestro eti kapona, na mama naye kaanza kuvimeza

BARUA

Shikamoo dada mfamasia, pole na kazi. Naandika kutoka Tanga, naomba unisaidie maana hapa nyumbani tunabishana kila siku na mi sina elimu ya kumjibu baba.

Baba ana miaka 62, ni fundi cherehani, tena mwembamba, hajawahi kuwa na kitambi maisha yake yote. Mwaka jana asubuhi moja alikuwa anakata kitambaa cha suti, mkasi ukamponyoka, akawa anataka kuuokota mkono wa kulia haukubali, anaongea tunasikia maneno hayaeleweki na mdomo umeenda upande. Majirani wakasema kapigwa na upepo. Baada ya kama nusu saa yote yakarudi sawa kama hakuna kilichotokea, lakini tukampeleka hospitali hivo hivo, wakasema ni kiharusi kile kidogo kinachopita na kwamba hilo ni onyo, tusilichezee. Wakampima, LDL, ile wanayoiita kolestro mbaya, ikawa 5.3. Wakamwandikia dawa ya presha, aspirini na atovastatini ya 40 kila siku.

Akameza miezi mitatu, akarudi kupima LDL ikawa 2.7. Dada, baba alifurahi! Ile karatasi ya majibu akaibandika ukutani juu ya cherehani, kila mteja anaonyeshwa. Na siku hiyo hiyo akaacha atovastatini, anasema homa ikipona mtu haendelei kumeza dawa ya malaria, sasa kolestro imeshuka anameza ya nini? Presha na aspirini anaendelea nazo. Huu mwezi wa nne. Wiki iliyopita nikamlazimisha kupima tena, imerudi 5.1. Eti sasa anasema ndo ushahidi kwamba dawa haifai, ingekuwa inatibu isingerudi.

Kuna na mambo mengine. Analalamika mguu wa kulia, nyuma ya goti kushuka chini, hasa akienda msikitini kwa miguu, na jirani kamwambia hizo dawa za kolestro zinakula misuli na kuua ini. Halafu anasema yeye hali mafuta, nyama anaiona kwenye harusi na Idi tu, kwa hiyo hiyo kolestro imetoka wapi kama siyo hospitali wamekosea? Sahivi anakunywa tangawizi na kitunguu saumu na limau asubuhi.

Na juzi nimegundua vile vidonge alivyoviacha kwenye kopo la maziwa ya unga vinapungua. Kumbe mama anameza, anavikata nusu, yeye ni mnene anasema kama vinayeyusha mafuta ya damu basi na ya tumbo vitayeyusha!

Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, alianguka ghafla akafariki akiwa na miaka 48, kwa hiyo mi naogopa. Naomba unieleze hii dawa inafanya nini hasa mwilini, unieleze kwa lugha ambayo na mi nitaweza kumweleza baba.

Binti wa fundi, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hofu uliyonayo, ni hofu ya haki kabisa. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya ule mguu, nitaufikia, lakini tuanze na swali la baba yako la kolestro imetoka wapi, maana akilielewa hilo na mengine yote yataeleweka.

Imetoka kwenye ini lake. Hospitali hawajakosea na wala baba hajadanganya kuhusu nyama. Watu wengi tunadhani kolestro ni mafuta ya chakula yaliyopotea njia yakaingia kwenye damu, kumbe sehemu kubwa ya kolestro mwili unaitengeneza wenyewe na ini ndo fundi mkuu, na inaitengeneza kwa sababu inahitajika. Utando wa kila seli unajengwa nayo, homoni kadhaa zinatokana nayo, na hata nyongo ya kusagia chakula ini linaitengeneza kwa kolestro. Kwa hiyo mtu mwembamba anayekula nyama Idi mpaka Idi anaweza kabisa kuwa na LDL ya 5.3, na nimekutana nao wengi sana dirishani kwangu, wote wanauliza swali hilo hilo la baba yako. Hapo hapo mwambie kitu kingine, nyama haili lakini Tanga naijua, wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa kupaka. Tui halina kolestro ndani yake, ila lina yale mafuta mazito yanayogandana kwenye baridi, na hayo yanalifanya ini liache LDL nyingi ibaki kwenye damu. Simwambii aache nazi kabisa, asile kila siku tu.

Sasa kidonge. Hakiyeyushi kitu, neno kuyeyusha litoeni kabisa hapo nyumbani kwenu maana ndo limemponza mama.

Fikiria nyumba yenye kisima uani, na nje uchochoroni mikokoteni ya madumu ya maji inapita kutwa. Mikokoteni ndo LDL, ina kazi ya kusambaza kolestro mwilini, na uchochoro ndo mshipa wa damu. Wenye nyumba wakiwa na kisima kinachojaa hawana haja ya kuita mkokoteni, wanaiangalia inapita. Basi mikokoteni inajazana uchochoroni, inagongana, inakwangua kuta, mingine inakwama kabisa pembeni. Ndani ya mshipa ndo inavyokuwa hivo, LDL zikizidi zinapenya kwenye ukuta wa mshipa na kunasa humo, askari wa mwili wanakuja kuzimeza mpaka wanavimba kwa mafuta na kufia hapo hapo, miaka inapita panakuwa na uvimbe wa mafuta wenye gamba juu. Hauumi, hauwashi, hauna dalili yoyote. Siku gamba likipasuka damu inaganda pale juu, na kama ni mshipa wa moyo unapata shambulio la moyo, kama ni wa kwenda kichwani mkasi unaponyoka mkononi.

Atovastatini iko kwenye kundi la dawa linaloitwa statini, na statini inachofanya ni kufunga kisima. Ndani ya ini kuna kimeng'enya kinaitwa HMG-CoA reduktesi, hicho ndo kinashika hatua muhimu kabisa ya kutengeneza kolestro, na molekyuli ya statini ina umbo linalofanana na kile ambacho hicho kimeng'enya kimezoea kukishika, kwa hiyo inakaa pale pale kwenye nafasi yake na kazi inazorota. Seli za ini zinahisi kolestro ya ndani imepungua. Zinafanya nini? Zinatuma watoto wengi zaidi langoni kuita mikokoteni iingie. Hao watoto kitaalamu ni vipokezi vya LDL, vinaota juu ya seli za ini, vinaikamata LDL ikipita kwenye damu na kuivuta ndani. Hapo ndo LDL kwenye damu inashuka, yaani imeshuka kwa sababu ini limeanza kuichota. Waliogundua vipokezi hivi ni Wamarekani wawili wa Dallas, Michael Brown na Joseph Goldstein, wakapewa Nobel mwaka 1985.

Kwa hiyo baba yako alipotoka 5.3 mpaka 2.7, karibu nusu, hicho ndo kipimo tunachotegemea kwa atovastatini ya 40, dawa ilifanya kazi vizuri mno na ini lake liliitikia. Alipoacha, kisima kikafunguliwa. Dawa inatoka mwilini ndani ya siku chache, na ndani ya wiki chache tu ini linarudia desturi yake na LDL inarudi ilipokuwa. Ile 5.1 haimaanishi dawa imeshindwa, inaonyesha dawa haipo. Malaria ina mdudu, ukimuua umemaliza, lakini ini la baba yako halina mdudu wa kuua, linafanya kazi yake ya kila siku kwa kiwango kikubwa kuliko mishipa yake inavyoweza kubeba. Tena mwambie kwa mfano wa presha maana dawa ya presha anaimeza bila ubishi, presha ikisoma vizuri mbona haachi? Ni mambo yale yale.

Na kama anaiona dawa hii ni sumu ya kiwandani, labda ataguswa na habari ya ilikotoka. Aliyeigundua ni Mjapani, Akira Endo, mtoto wa wakulima kutoka kaskazini mwa Japani, alipenda uyoga na ukungu tangu mdogo. Akiwa mtafiti wa kampuni ya dawa aliwaza kwamba ukungu mbalimbali lazima una silaha zake za kupigana na vijidudu vingine, na huenda mojawapo inazuia utengenezaji wa kolestro. Yeye na wenzake walipima aina kama 6,000, moja baada ya nyingine, zaidi ya miaka miwili, mpaka mwaka 1973 wakaipata kwenye ukungu wa rangi ya bluu na kijani uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka Kyoto. Ukungu wa mchele! Statini ya kwanza kuuzwa ilitoka mwaka 1987 na nayo ilitokana na ukungu wa aina nyingine. Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90, na mi kila nikifungua boksi la hizi dawa namkumbuka, kwa kweli sijui watu wangapi wanatembea leo kwa sababu yule mzee hakuchoka kwenye namba 3,000.

Na kama baba anataka ushahidi wa watu siyo wa karatasi, mwaka 1994 yalitoka majibu ya utafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya, wagonjwa 4,444 wenye ugonjwa wa moyo, nusu walipewa simvastatini, statini nyingine, na nusu vidonge vya bandia visivyo na dawa ndani, wakafuatiliwa zaidi ya miaka mitano. Kwenye vidonge vya bandia walikufa 256, kwenye simvastatini walikufa 182. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi, kwa hiyo hao 74 wa tofauti ni watu walioenda kulala nyumbani kwao.

Sasa ule mguu. Jirani hajatunga, statini kweli zinaweza kuleta maumivu ya misuli kwa baadhi ya watu, na mara chache mno misuli inaharibika vibaya, ipo mpaka statini moja, serivastatini, iliyoondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu hiyo. Lakini maumivu ya statini kwa kawaida yanashika pande zote mbili, mapaja, nyonga, mashavu ya miguu, mabega, na dawa ikiachwa yanaisha ndani ya wiki chache. Wewe umeniambia mguu mmoja, umeniambia unamuuma akitembea kwenda msikitini, na umeniambia kaacha dawa mwezi wa nne na bado unauma. Mdogo wangu, hiyo hainipi picha ya dawa. Muulize hivi, akisimama dakika chache maumivu yanatulia halafu akiendelea kutembea yanarudi? Kama ndiyo, kuna uwezekano mshipa wa damu wa mguu umebana kwa mafuta yale yale, maana mishipa haichagui, iliyo na shida kichwani mara nyingi ina shida na miguuni. Yaani anaweza kuwa anailaumu dawa kwa ugonjwa ambao dawa ndo inauzuia. Inaweza pia ikawa ni pedali ya cherehani tu, miaka 40 ya kukanyaga na mguu ule ule, mi siwezi kuona kwa barua, daktari atagusa mapigo ya damu juu ya unyayo na kupima presha ya mguu na ya mkono alinganishe. Na kama anavuta sigara, hukuandika, hilo aache leo.

Kuna jambo kuhusu haya maumivu nalisema kwa upendo maana watu wanadhani tunawaambia wanaigiza. Mwaka 2020 London walitoa majibu ya utafiti mdogo wa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakapewa chupa za mwezi mwezi, nyingine atovastatini, nyingine vidonge vya bandia, nyingine tupu, hawajui kipi ni kipi kati ya dawa na bandia. Asilimia 90 ya maumivu waliyoyapata kwenye dawa waliyapata na kwenye bandia. Maumivu yalikuwa ya kweli, waliumwa kweli, ila yalitokana na kumeza kidonge ukiwa umeshaambiwa kitakuumiza. Sasa fikiria baba yako anameza huku jirani kila jioni anamwambia misuli inaliwa.

Ini nalo watu wanaliogopa sana. Vipimo vya ini vinaweza kupanda kidogo kwa wachache, ndo maana tunapenda apimwe kabla ya kuanza, lakini ini kuharibika kabisa kwa statini ni nadra mno. Sukari ndo ya kuangalia zaidi, dawa hizi zinaongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari hasa kwa mtu ambaye sukari yake tayari iko mpakani, kwa hiyo apime sukari kila mwaka. Kwa mtu aliyeshapata kiharusi cha onyo faida inazidi hiyo hatari kwa mbali.

Kwa hiyo mpeleke kliniki wiki hii, siyo mwisho wa mwezi, na uende na karatasi zote tatu pamoja na ile ya ukutani. Mwambieni daktari ukweli kwamba kaacha, asijifanye anameza, maana daktari akidhani 5.1 imepatikana akiwa kwenye dawa atamwongezea dozi au kumbadilishia bila sababu. Waombe wampime na CK, hicho ndo kipimo cha misuli, kikitoka kizuri jirani atakuwa kajibiwa. Atovastatini kwa kawaida hairudishwi kidogo kidogo, akiambiwa aendelee anaanza na dozi yake ile ile, na aimeze saa yoyote anayoikumbuka kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu, simvastatini ndo tunasisitiza usiku kwa kuwa ini linatengeneza kolestro zaidi usiku na dawa yenyewe inaisha mapema. Lengo lake yeye siyo 2.7, mtu wa hali yake tunapenda ishuke chini ya 1.8, kwa hiyo wasishangae wakimwongezea dozi au wakamwekea dawa ya pili. Apime tena baada ya wiki 6 mpaka 12.

Tangawizi na saumu anywe tu, ni viungo vya chakula, mradi asizidishe kitunguu saumu maana yuko kwenye aspirini na vyote viwili vinapunguza kuganda kwa damu. Visichukue nafasi ya kidonge. Balungi aliache, lina kitu kinachozuia utumbo kuivunja atovastatini na dawa inalundikana mwilini. Na akienda duka la dawa na kifua kinachobana aseme anatumia statini, kuna antibayotiki kama klarithromaisini hazikai nayo vizuri, hata baadhi ya dawa za fangasi za kumeza.

Mama aache leo hii. Hakuna gramu moja ya tumbo itakayopungua, kidonge kinafanya kazi ndani ya ini, mafuta ya kiunoni hayakijui. Lakini usimgombeze, kwa umri wake na unene wake huenda na yeye LDL iko juu, au sukari, au presha, aende apimwe siku hiyo hiyo na baba, na kama anahitaji statini ataandikiwa yake mwenyewe kwa dozi yake. Lile kopo likae mahali unapoliona wewe.

Sasa wewe na ndugu zako. LDL ya 5.3 kwa mtu mwembamba, na mdogo wake kafa ghafla na miaka 48, hapo mi nafikiria kolestro ya kurithi, yaani ini limezaliwa na wale watoto wa langoni wachache au hawashiki vizuri. Mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, mnene au mwembamba, na inaanza kujaza mishipa toka utotoni. Pimeni wote mliotoka kwa baba, na watoto wa baba mdogo wapelekewe habari hii kwa utaratibu, wao ndo wana haki ya kujua kuliko wote. Kama kuna dada kati yenu ana mimba au anatafuta mtoto, apime tu lakini asianze statini bila kumwambia daktari hilo, mtoto tumboni anahitaji kolestro kujengeka.

Na hili la mwisho mfundishe mpaka mama na mafundi wenzake pale kibarazani. Mkono ukikosa nguvu tena, mdomo ukienda upande, maneno yakipotea, hata kama ni kwa dakika tano na yakarudi, msisubiri na msimpe kidonge chochote mdomoni, angalieni saa mjue imeanza saa ngapi na mumkimbize hospitali muda huo huo. Akiwa kwenye dawa halafu misuli ya mwili mzima ikamuuma na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hapo aache dawa aende siku hiyo hiyo, wala asisubiri asubuhi.

Ukipata majibu ya mguu niandikie, nayasubiri.